Jinsi ya Kufuatilia Maji ya Kijito Chako Mtandaoni

Mara ya kwanza nilipofungua ukurasa wa kituo cha kupimia maji, nilikuta namba moja imekaa peke yake: mita 0.42. Nikaona kazi imekwisha. Sentimita arobaini na mbili ni maji ya magotini, navuka. Nilipoingia kivukoni yalinifika kiunoni, mazito kwa tope, na yanavuta. Nilirudi kinyumenyume, viatu mkononi, nikipapasa kila jiwe kwa kisigino.

Namba haikudanganya. Mimi ndiye niliyeisoma kama rula iliyochomekwa mtoni, kumbe 0.42 ilikuwa umbali kutoka alama ya sifuri ambayo wapimaji waliiweka zamani kwenye kituo kilichoko kilomita kadhaa kutoka pale nilipotaka kuvuka. Tangu siku hiyo sina imani na namba yoyote ya kwenye skrini mpaka niwe nimeifunga na jiwe, nguzo au mti ninaoujua ukingoni. Hatua zifuatazo zinakupeleka huko. Unahitaji simu au kompyuta, daftari, na subira ya msimu mmoja wa mvua.

Kwanza tukubaliane maneno. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "kina cha maji kimepanda" tukimaanisha chochote. Humu nitatenganisha: kina ni kutoka juu ya maji mpaka kwenye mchanga wa chini, kimo ni kutoka alama ya sifuri ya kituo mpaka juu ya maji. Tovuti karibu zote hutoa kimo, si kina.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Usianze kwa kutafuta kituo. Fungua ramani ya mtandaoni inayoonyesha miinuko, tafuta kijito chako, kisha kifuate kwa kidole kwenda juu mpaka kinapoishia. Kila tawi linaloingia, lifuate nalo. Ukimaliza utakuwa umelizunguka eneo lote ambalo mvua yake lazima ipite mbele yako. Hilo ndilo bonde la kijito. Kumbuka kwamba jina hubadilika njiani: watu wa juu wanakiita hivi, wa chini vile, na kituo kimesajiliwa kwa jina la tatu. Fuata mstari wa bluu, achana na jina. Ukiona bwawa au mlango wa kufungulia maji njiani, uandike daftarini, utauhitaji baadaye.

Ukubwa wa bonde ndio unaoamua una muda kiasi gani. Mto mkubwa hupanda kwa siku kadhaa, na habari zake hukufikia kabla yake. Kijito chenye bonde la kilomita za mraba kumi au ishirini kinaweza kugeuka ndani ya saa moja. Tarehe 16 Agosti 2004, kijiji cha Boscastle huko Cornwall, Uingereza, kilipigwa na mvua ya saa chache za mchana. Mito yake miwili, Valency na Jordan, ni midogo ya kupita bila kuigeuzia macho, lakini ilibeba magari mpaka baharini. Watu takriban 100 waliokolewa kwa helikopta. Hakuna aliyekufa, na kwa namna maji yalivyoshuka hiyo ni bahati kubwa.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Bonde la kilomita za mraba 10 likinyeshewa milimita 50, limepokea mita za ujazo 500,000. Ardhi kavu itakunywa sehemu yake. Ardhi iliyoshiba tangu juzi, au iliyofunikwa kwa lami na mabati, itakuletea karibu yote.

Hatua ya 2: Tafuta kituo kinachokufaa

Nchi zenye mtandao mpana wa vituo huweka ramani moja ya taifa, unabonyeza nukta na kusoma. Marekani kazi hii ni ya USGS, shirika la serikali la jiolojia, lililoanza kupima mito mwaka 1889 pale Embudo, New Mexico, kwenye mto Rio Grande. Ramani yake inaitwa National Water Dashboard, na kila kituo kina namba yake, mara nyingi ya tarakimu nane. Andika namba hiyo daftarini kuliko jina, kwa sababu vituo vitatu vya mto mmoja hufanana majina mpaka unachoka. Uingereza kuna Environment Agency kwa upande wa England na SEPA kwa Scotland. Ufaransa kuna Vigicrues, yenye rangi nne za tahadhari kutoka kijani hadi nyekundu. Ujerumani kuna PEGELONLINE, ila hiyo ni ya njia za maji za shirikisho, mito na mifereji ya meli. Vijito hutafutwa kwenye tovuti za majimbo. Penginepo jaribu wizara au mamlaka ya maji, bodi ya bonde, na idara ya hali ya hewa, kwa mpangilio huo.

Ukiwa na vituo kadhaa vya kuchagua, bora ni kile kilicho kwenye kijito chako mwenyewe, juu yako, maana kitakuonyesha maji kabla hayajafika. Kilicho chini yako hakitakuonya, lakini kinafaa kujua hali. Kama kijito chako hakina kituo kabisa, na vijito vingi havina, tafuta kijito jirani chenye bonde la ukubwa wa kukaribiana, kinachoshuka kutoka mlima uleule na upande uleule. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchukua kituo cha mto mkubwa kwa kuwa kiko karibu na nyumbani. Mto huo utaanza kupanda wakati kijito chako kimeshamwagika na kushuka.

Kuna pia huduma zinazofunika dunia nzima. GloFAS ya mpango wa Copernicus wa Ulaya hutoa utabiri wa mafuriko, na Flood Hub ya Google huonyesha utabiri wa hadi siku saba katika nchi nyingi. Zitumie, lakini ujue unachotazama: ni hesabu za kompyuta zinazochanganya mvua inayotarajiwa na umbo la ardhi, hakuna mtu wala kifaa kilichogusa maji yako. Kwa mito mikubwa zinasaidia sana. Kijito cha kuruka kwa hatua tatu hakionekani humo. Hata setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na Marekani kwa kushirikiana na Ufaransa kupima maji ya bahari na ya nchi kavu, kwa upande wa mito ililengwa kwa yenye upana wa mita 100 na zaidi, na hupita juu ya sehemu ileile kwa mzunguko wa siku 21.

Hatua ya 3: Kagua ukurasa kabla ya kuiamini namba

Jicho la kwanza litazame saa, si kimo. Kipimo ni cha lini? Vituo vingi hupima kila dakika 15, lakini kupima si kutuma. Vya USGS kwa kawaida hukusanya vipimo hivyo na kuvituma kwa setilaiti mara moja kwa saa, kisha huongeza kasi maji yanapochafuka. Kwa hiyo namba unayoiita "ya sasa" inaweza kuwa ya saa nzima iliyopita, na kwa kijito kidogo saa nzima ni muda mrefu. Angalia pia saa hizo ni za wapi. Baadhi ya tovuti huandika kwa UTC, yaani saa za pamoja za kimataifa, na sisi wa kuhesabu saa kuanzia alfajiri tuna mtego wetu wa ziada: 06:00 si saa sita.

Kisha tazama vizio. Wamarekani huandika futi, na futi moja ni mita 0.3048. Mtiririko wao ni futi za ujazo kwa sekunde. 35 kati ya hizo hukaribia mita moja ya ujazo.

Sasa sifuri. Sifuri ya kituo ni mahali palipochaguliwa tu, mara nyingi chini kidogo ya mchanga ili namba zisiwe hasi. Mto ukijichimba, namba hasi zinaweza kutokea vilevile, na maji yapo yanatiririka. Usilinganishe kituo kimoja na kingine kwa namba. Mita 2 hapa inaweza kuwa siku ya kawaida, na mita 2 pale watu wako juu ya mapaa.

Kurasa nyingi zina namba mbili: kimo, na mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde. Kimo hupimwa moja kwa moja, kwa kihisi cha mgandamizo kilichozamishwa au rada iliyofungwa chini ya daraja. Mtiririko haupimwi hivyo. Wapimaji huenda mtoni mara kwa mara na vifaa vya kupima kasi, hulinganisha walichopata na kimo cha wakati huo, na kuchora mkunjo unaosema kimo fulani ni sawa na mtiririko fulani. Tovuti husoma kimo na kukukokotolea mtiririko kutoka kwenye mkunjo huo. Mafuriko yakihamisha mchanga, mkunjo unapotoka mpaka wapimaji warudi. Kwa kijito chenye sakafu ya mchanga mimi hutazama kimo, mtiririko nauacha kwa wahandisi.

Ukiona neno lenye maana ya "data za awali", si la kutisha. Ni kwamba hakuna aliyezihakiki bado.

Hatua ya 4: Soma mstari

Fungua grafu ya siku saba. Mafuriko ya kawaida yana umbo la mgongo wa ng'ombe aliyelala: upande mmoja mkali, upande wa pili unashuka taratibu. Ukishaizoea sura hiyo, kila kinachotofautiana nayo kitakushtua, na ndivyo inavyotakiwa.

Mstari ulionyooka kabisa kwa saa kadhaa huku mvua inanyesha maana yake kihisi kimekufa au kimezibwa na tope. Mstari ukiruka juu mara moja na kurudi palepale kwenye kipimo kinachofuata, hicho ni kipimo kibovu. Gogo limepita chini ya rada, pengine. Ngazi zenye kona kali, kupanda ghafla na kukaa sawa, ni mtu amefungua mlango wa bwawa: rudi kwenye daftari uone uliandika nini katika Hatua ya 1. Mawimbi mawili kwa siku, karibu na pwani, ni bahari inayojaa na kupwa. Meno madogo ya kila siku wakati wa kiangazi huwa ni pampu za kumwagilia zinazowashwa asubuhi, au miti ya ukingoni inayokunywa mchana na kupumzika usiku. Mara ya kwanza kuona kijito kinashuka kwa sababu miti imeamka, nilikaa nikitazama grafu hiyo kama sinema.

Kinachookoa watu, lakini, ni kutoa. Chukua vipimo vinne vya mwisho na utoe kimoja kutoka kingine. Tuseme saa 14:00 ni 0.55, saa 14:15 ni 0.58, saa 14:30 ni 0.71, saa 14:45 ni 0.98. Kupanda kwake ni sentimita 3, kisha 13, kisha 27. Ukitazama namba ya mwisho tu, 0.98, huenda hata haijafika alama ya tahadhari. Ukitazama tofauti, maji yanaongeza mbio kila robo saa na wewe bado unasubiri alama. Hapo ondoa ng'ombe, toa pampu, ita watoto.

Hatua ya 5: Funga namba na ukingo wako

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na bila hii zote zilizotangulia ni burudani.

Chagua kitu kisichosogea ukingoni, mahali unapoweza kukiona bila kukaribia maji: nguzo ya daraja, mwamba, ukuta wa kalvati. Siku maji yametulia, piga alama za rangi kila sentimita kumi, kuanzia chini kwenda juu, mpaka juu ya mstari wa mafuriko ya mwisho. Mstari huo utaujua kwa takataka: majani makavu na mifuko ya plastiki iliyonasa matawini kwa usawa mmoja.

Kisha anza kuandika. Kila unapopita, andika tarehe, saa, alama uliyoiona, na kimo cha kituo kwa saa hiyohiyo. Mistari kumi inatosha kuanzia, mradi isiwe yote ya siku za jua. Baada ya muda daftari langu lilikuwa linasema hivi: kituo kikiwa 0.15, jiwe la kuvukia liko kavu, 0.25, jiwe limelowa, 0.40, kivuko hakipitiki kwa miguu, 0.90, maji yameingia safu ya kwanza ya mahindi. Tazama ile 0.40. Iko chini kidogo ya ile 0.42 niliyoichekea siku ya kwanza.

Pima pia muda wa safari. Kilele kilipita kituoni saa ngapi kwa mujibu wa grafu, na kwako saa ngapi? Tofauti hiyo ndiyo dakika ulizonazo. Hubadilika: maji mengi husafiri haraka kuliko machache, na mvua iliyonyeshea katikati ya kituo na wewe haitapita kituoni kabisa. Kwa hiyo chukua tofauti fupi zaidi uliyowahi kuandika, si wastani.

Usiende kusoma alama usiku wakati wa mafuriko. Subiri asubuhi usome takataka zilipoishia, halafu utafute kilele kwenye grafu. Daftari litapata mstari wake bila wewe kusimama gizani.

Hatua ya 6: Weka arifa

Huwezi kutazama simu siku nzima. USGS ina huduma ya bure inayoitwa WaterAlert: unachagua kituo, unaweka kimo, nayo inakutumia ujumbe mfupi au barua pepe kikivukwa. England unaweza kujiandikisha kupokea tahadhari za mafuriko kwa simu, ujumbe au barua pepe. Tovuti nyingine zina kitu cha aina hiyo, hata kama kimefichwa kwenye menyu ya mwisho.

Weka arifa mbili. Ya kwanza iwe chini kiasi cha kukusumbua mara chache kwa msimu; kazi yake ni kukwambia anza kutazama grafu. Ya pili iwe ya kutenda, na usiiweke kwenye kimo kinacholeta madhara. Iweke chini yake kwa kiasi ambacho maji hupanda katika muda unaohitaji kuondoka, ukijumlisha saa moja ya ucheleweshaji wa kutuma. Kama hesabu hiyo inakupeleka kwenye kimo cha kila mvua ya kawaida, umejifunza jambo zito: kijito chako kina haraka kuliko arifa, na usitegemee arifa peke yake.

Mfano ni mto Guadalupe huko Texas, usiku wa kuamkia 4 Julai 2025. Maofisa walisema maji yalipanda takriban futi 26, karibu mita 8, kwa dakika 45. Kwa kasi hiyo, kituo kinachotuma mara moja kwa saa kinaweza kuripoti mto mtulivu, na taarifa yake inayofuata ikawa ya msiba. Zaidi ya hapo ilikuwa usiku, na simu zetu usiku tumezinyamazisha wenyewe. Ruhusu namba inayotuma arifa ilie hata simu ikiwa kimya.

Hatua ya 7: Tazama mvua kabla ya maji

Kwa bonde dogo, kipimo cha mvua kilichoko juu ya bonde hukuonya mapema kuliko kipimo chochote cha mto. Kama nchi yako ina rada ya mvua mtandaoni, tazama wingu liko wapi ukilinganisha na ramani uliyoichora Hatua ya 1. Wingu linalotembea halinitishi. Linalokaa juu ya bonde lilelile nusu saa bila kusogea ndilo la kukufanya uinuke.

Hatua ya 8: Tovuti ikizimika

Itazimika, tena siku unayoihitaji, kwa sababu mafuriko hung'oa vihisi na watu wote hufungua ukurasa mmoja kwa pamoja. Hifadhi kiungo cha kituo cha pili na cha tatu. Andika kwenye karatasi namba za simu za watu wawili wanaoishi juu ya kijito. Mtu anayesema "huku yameshavuka barabara" ana thamani kuliko grafu. Maji safi yakigeuka ghafla kuwa ya tope, au yakianza kubeba matawi, au mlio wake ukibadilika huku kwako hakuna mvua, ondoka kwanza, tovuti baadaye. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya kwamba sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zikasomba gari dogo. Hivyo hata yale "maji ya magotini" niliyokuwa nayatarajia hayakuwa ya kuvukwa yakiwa na mbio.

Mwanzo wa kila msimu wa mvua, kagua kama kituo bado kinatuma na kama wenye kituo wametangaza kuhamisha sifuri. Tazama na alama zako pia. Mafuriko makubwa hubadilisha sakafu ya kijito hata kama nguzo haikusogea. Ukiona jiwe la kuvukia limelowa kwenye namba ambayo zamani liliachwa kavu, piga mstari chini ya ukurasa, andika tarehe, na anza jedwali jipya.